Gari Linalala Wapi

Kama Nunzio Iacobelli angelipwa kwa kuchungulia dirishani, angekuwa tajiri wa kwanza kuzaliwa Mtaa wa Pinder. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alikuwa keshasogeza pazia kwa kidole kimoja, kikombe cha kahawa mkono wa pili, anatazama gari la kahawia lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Gari refu, la kizee, limechoka kama punda wa mkaa, na nyuma yake namba za Carolina Kusini.

"Bado lipo," alisema.

"Ulitaka liende wapi?" Loretta mkewe alikuwa anageuza mayai. "Gari likiegeshwa linabaki, Nunzio. Ndiyo maana ya kuegesha."

"Toka Krismasi lipo hapo. Mgeni gani huyo haondoki? Nakwambia lile gari halina usajili. Na bima halina. Nanusa."

"Unachonusa ni mayai. Kaa ule."

Nunzio alikuwa balozi wa mtaa. Huku Filadelfia kila mtaa unaweza kujichagulia balozi wake, kazi yenyewe ni kuwahimiza watu wafagie, na kuomba kibali barabara ifungwe siku ya sherehe. Mshahara hakuna, jiji linakupa fagio na mifuko ya taka. Yeye alichaguliwa kwenye mkutano ambao hakuhudhuria. Mtu mwingine angecheka akasahau. Nunzio alikwenda kwa fundi akashonesha neno BALOZI mgongoni mwa jaketi lake, na toka siku hiyo mtaa haukupumua.

Sasa kuna jambo moja lazima lisemwe, ingawa mwenyewe hapendi lisemwe. Nunzio ni fundi wa boila, ile mitambo ya kupasha nyumba joto, na ana veni yake nyeupe ya kazi. Kwenye karatasi, veni hiyo haikai Mtaa wa Pinder. Inakaa kwa shemeji yake Concetta, huko milimani, kaunti ya mbali ambako kulungu ni wengi kuliko watu. Maana bima ya huku kwetu inakuuliza unalala wapi kabla ya kukuuliza unaendeshaje. Ukilala mlimani unalipa kidogo. Ukilala mjini, penye nyumba zilizobanana kama meno, unalipa karibu mara mbili, hata kama hujawahi kukanyaga paka. Mwaka ambao Loretta alihitaji kutengenezwa meno, veni ilihamia mlimani bila hata kuwashwa injini. Na si yeye peke yake. Jirani yao Mulhearn, gari lake "linakaa" kwa binti yake New Jersey. Ukiamini karatasi, Mtaa wa Pinder hauna magari kabisa.

"Na wewe je?" Loretta alimuuliza, akimwekea sahani. "Karatasi zako za wapi?"

"Hilo ni jambo lingine."

Alijua fika kwamba si jambo lingine. Watu wa bima wakigundua, wanafuta mkataba siku hiyo hiyo, na fundi wa boila asiye na veni mwezi wa pili ni kinyozi asiye na wembe. Lakini mtu akiwa na upele mgongoni hupenda sana kumkuna mwenzake.

Akavaa jaketi, akatoka, akavuka barabara. Kibao cha namba kilikuwa kimefunikwa na theluji kavu, stika ya mwaka haionekani. Akainama. Akakwangua kwa ukucha. Akapiga magoti. Alikuwa amekaribia kuisoma aliposikia sauti kutoka kibarazani.

"Umeangusha kitu, baba?"

Ni mwenye gari, Bi Odessa Tarpley, mama wa makamo aliyekuja kulea uzazi wa binti yake aliyejifungua kwa kupasuliwa. Amevaa kanzu ya nyumbani na koti juu yake, anamtazama Nunzio kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

"Mimi... naangalia tairi," alisema Nunzio. "Limepungua upepo. Hili la nyuma."

"Mungu akubariki! Nami sina pampu."

Basi. Mtu mzima, balozi, akarudi kuchukua pampu, akapiga upepo tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote hata likawa gumu kama jiwe, huku Bi Odessa amemsimamia na mwavuli asilowane. Kisha akampa kipande cha keki ya viazi vitamu. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Wiki ile theluji ilianguka kwelikweli.

Huku kwetu theluji ikianguka, mwenye beleshi ndiye mwenye barabara. Ukichimba nafasi ya gari lako, unaweka kiti katikati, na kiti hicho ni hati miliki. Polisi hawakitambui, lakini hakuna polisi wa Filadelfia aliyewahi kukigusa. Nunzio alichimba asubuhi nzima, akaweka kiti cha jikoni cha marehemu mama yake, akaenda kutengeneza boila ya watu. Aliporudi, kiti kilikuwa kando ya ukuta, kimepanguswa kikang'aa. Kwenye nafasi yake limekaa gari la kahawia.

Aligonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Kile kiti!"

"Ni chako?" Bi Odessa alitoa kichwa. "Nilikikuta kimeachwa barabarani, nikasema maskini, gari litakivunja. Nimekipangusa."

"Mama, kile si kiti. Ile ni nafasi yangu!"

"Nafasi yako kivipi? Si barabara ya serikali hii?"

Milango ikafunguka. Mulhearn alitoka na pakiti ya bisi, kama kwenye sinema. "Mwambie, Balozi!"

Nunzio akapandwa na mori. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni beleshi! Wewe umechimba wapi?"

"Hakuna aliyenipa beleshi," alisema Bi Odessa kwa upole, na mtaa ukacheka, na haukumcheka yeye.

Hapo ndipo Nunzio aliposema maneno ambayo baadaye angetamani kuyalamba yarudi kinywani. Alisimama katikati ya barabara, mkono juu, sauti inafika mpaka kwenye taa za kona. "Nisikilizeni! Veni yangu inalala hapa! Pale pale! Usiku wote, miaka yote, tangu binti yangu yuko tumboni! Kuna anayebisha?"

"Hakuna!" mtaa ukaitikia.

Loretta, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho.

Bi Odessa aliomba radhi, akaliondoa gari, akahangaika nalo mpaka kona. Nunzio hakutosheka. Akapiga simu namba ya malalamiko ya jiji, akasikiliza muziki mpaka sikio likapata joto.

"Kuna gari la nje," alisema. "Halina usajili, halina bima."

"Umejuaje halina bima, bwana?"

"Mimi ni balozi."

Upande wa pili wakamwomba ataje tena jina la mtaa. Kisha wakamshukuru. Hakuja mtu.

Kilichokuja ni barafu. Asubuhi moja Bi Odessa alikuwa anatoka kwenda kununua nepi, akakanyaga breki pale kwenye mteremko, gari halikusikia. Likateleza taratibu, kwa heshima zote, kama bibi harusi anayeingia ukumbini, likaenda kujipachika ubavuni mwa veni nyeupe. Mlango wa pembeni ukabonyea ndani. Gurudumu la mbele likapinda nje kama mguu wa mlevi.

Aibu kusema, lakini kitu cha kwanza alichosikia Nunzio moyoni ni furaha. Alitoka mbio na pajama na ndala.

"Mmeona! Mmeona! Nilisema mimi! Haya mama, sasa toa bima! Toa tuione!"

Bi Odessa alikuwa ameshuka, mkono kifuani. "Hakuna mtu ndani? Niambie hakuna mtu ndani."

"Hakuna. Bima!"

Akarudi garini, akatoa chini ya kiti mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kwa raba. Usajili huu hapa, hai. Bima hii hapa, hai, imelipwa mpaka mbele. Hata stika ile, alipofuta theluji kwa mkono wa koti, ilikuwa ya mwaka huu, inang'aa. Majirani wakanyoosha shingo zao kutazama. Kila kitu cha yule mama kilikuwa hai isipokuwa gari lenyewe.

"Kosa ni langu, baba. Barafu imenizidi. Hapa hapa nawapigia kampuni yangu, watume mkaguzi. Atataka kukuona wewe, na veni, na karatasi zake."

Theluji ilikuwa imeingia kwenye ndala. Nunzio hakuisikia.

"Karatasi zake," alirudia.

"Balozi," alisema Mulhearn, "mbona umepauka?"

Jioni ile alikuwa jikoni kwa Bi Odessa, kofia mkononi. Binti alikuwa chumbani amelala. Mtoto alilia, Bi Odessa akamkabidhi Nunzio amshike wakati yeye anatenga chai. Kwa hiyo maombi yote aliyatoa na kichanga begani, anakipapasa mgongo.

"Mama, mimi naona... tusiwasumbue watu wa bima. Jambo dogo hili. Mlango tu."

"Na gurudumu."

"Na gurudumu. Nina nyundo. Nina rafiki."

Bi Odessa aliweka vikombe. "Asubuhi ulinililia bima kama mtu aliyeibiwa. Jioni bima imekuja, unaikimbia kama paka na maji. Kuna nini, Nunzio?"

Akamwambia. Concetta, mlima, kulungu, meno ya Loretta, vyote. Alipomaliza, mtoto alikuwa amemtapikia maziwa kwenye kola.

"Kwa hiyo," alisema Bi Odessa polepole, "muda wote huu uliokuwa unapiga magoti nyuma ya gari langu..."

"Ndiyo."

"...mwenye gari la nje ni wewe."

"Ndiyo, mama."

Hakucheka. Afadhali angecheka. "Mimi uongo sisemi. Nimelelewa hivyo na nimezeeka hivyo. Nisichoulizwa, sisemi. Nikiulizwa, baba, usinitazame."

Siku ya mkaguzi Nunzio aliamka na mpango.

"Nitakuwa mgeni," alimwambia Loretta.

"Mgeni wa nani?"

"Wako. Nimetoka mlimani, nimekuja kukusalimia, gari limegongwa hapa kwa bahati mbaya. Usiniite mume wangu. Niite Bwana Iacobelli."

"Na mimi nani?"

"Pia Iacobelli. Tuna undugu."

Loretta alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka wachumba wengine waliomposa. "Nenda," alisema. "Nenda nje uwe mgeni. Mimi naosha vyombo."

Akavaa koti lake la mazishi. Jaketi la balozi alilificha ndani ya mashine ya kufulia. Alikwenda mpaka kona akanunua sanduku la keki, maana mgeni haji mikono mitupu, akarudi anatembea kwa mashaka, anasoma namba za nyumba kama mtu aliyepotea. Gari dogo la mkaguzi lilikuwa linaingia. Akashuka dada mmoja kijana, kishikwambi mkononi, jina lake Anjali kwenye beji. Nunzio akaharakisha kupanda ngazi za nyumbani kwake, akabonyeza kengele. Katika maisha yake yote hakuwahi kuisikia kengele hiyo kwa nje. Ilikuwa na sauti mbaya.

Loretta akafungua, mikono ina povu. "Umesahau funguo?"

"Habari za hapa!" alisema Nunzio kwa sauti kubwa. "Naona mmepaka rangi!"

"Balozi!" Mulhearn alikuwa kibarazani kwake. "Kakufungia nje tena?"

Nunzio alijifanya hakusikia. Anjali alikuwa anazunguka veni, anapiga picha mlango, anachuchumaa kwenye gurudumu. Bi Odessa alisimama kando na mfuko wake wa plastiki, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Mtaa mzima ulikuwa umepata kazi za ghafla nje: huyu anafagia theluji isiyokuwepo, yule anatikisa zulia safi.

"Bwana Iacobelli?" aliita Anjali. "Ni wewe?"

"Inategemea."

"Sawa." Dada alikuwa na subira. "Nimeona karatasi za veni. Nina swali moja tu. Hili gari kwa kawaida linalala wapi?"

Zulia likaacha kutikiswa.

Yale maneno aliyoyatangaza Nunzio katikati ya barabara, mkono juu, sasa yalikuwa yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki. "Mimi," alisema, akiinua sanduku la keki kama ushahidi, "nimekuja kutembea tu."

Anjali alitazama sanduku. Akatazama povu la Loretta. Akamgeukia Bi Odessa. "Mama, unamfahamu huyu bwana?"

Nunzio akageuza uso, kama alivyoagizwa.

"Muulize mwenyewe," alisema Bi Odessa. "Mtaani hapa yeye ndiye anayejua nani mwenyeji na nani mgeni."

Hakulisema kwa ubaya. Lingesemwa kwa ubaya, Nunzio angelimeza. Nunzio alisimama kwenye ngazi alizozijenga kwa mikono yake, amevaa koti la mazishi, anabisha hodi kwake, na akajiona kama alivyo, na alichokiona hakikuwa kizuri.

"Inalala hapa!" aliropoka. "Hapa hapa! Haijawahi kulala kwingine! Concetta hata banda la gari hana, angeiweka wapi? Mlimani sijafika toka mazishi ya kaka yake. Mimi ndiye balozi hapa! Jaketi liko kwenye mashine! Nilikosa, dada, meno yalikuwa ya lazima, bei ilikuwa ya kuua mtu, na si mimi tu, Mulhearn naye lake lipo New Jersey na toka azaliwe New Jersey haipendi!"

Mlango wa Mulhearn ukasikika ukifungwa. Kisha wa jirani yake. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa mtaa, kama mtu anapitisha kijiti kwenye uzio. Zulia lilibaki limening'inia kwenye reli peke yake.

Anjali alisubiri mpaka akamaliza kuhema.

"Bwana," alisema, "mimi natoka kampuni ya huyu mama. Kazi yangu ni mlango na gurudumu. Mama amekubali kosa, kampuni italipa, yako haituhusu. Nimeuliza linalala wapi kwa sababu haliendeshiki, gari la kuvuta litakuja kesho. Nataka kujua lije wapi."

"Hapa," alisema Nunzio.

"Basi ungesema hapa tu." Akaandika. "Hayo mengine mimi sikuyasikia. Ila una sauti, bwana. Sijui nani mwingine kasikia."

Aliposhika mlango wa gari lake, Nunzio, kwa kukosa la kufanya, akampa sanduku la keki. Alilipokea.

Loretta hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alifuta mikono, akaketi, akachukua simu, akapiga kampuni yao ya bima yeye mwenyewe. "Tunabadilisha anuani," alisema. "Veni imeshuka kutoka mlimani. Ndiyo, leo. Ndiyo, mjini kabisa." Walipomtajia bei alirudia kwa sauti ili na mumewe aisikie, halafu akafumba macho kama siku ile ya kiti. "Meno yangu nimeshayatafunia miaka sita," alisema alipokata simu. "Siwezi kuendelea kuwa mke wa mtu anayebisha hodi kwake."

Veni ilirudi na mlango mpya, mweupe kidogo kuliko ubavu wake, na Nunzio akaanza kwenda kazini hata Jumamosi na Jumapili, boila za makanisa na za vilabu vya pombe, zile alizokuwa akizikataa. Mtaa ulimnunia wiki kadhaa. Mulhearn alimsalimia kwa nyusi tu.

Kilichomshangaza ni usingizi. Alikuwa analala mpaka jua linachomoza, na pazia anaacha limefungwa.

Baridi ilipoanza kulegea, Bi Odessa alimkuta anafuta kioo cha veni. Alizunguka kidogo kama mtu anayetafuta mlango wa jambo.

"Binti yangu anarudi kazini," alisema. "Mtoto ataachwa na nani? Naona nitakaa. Wanasema nikikaa lazima nibadilishe namba niwe wa hapa, na bima ya hapa. Nikapiga simu kuuliza." Akafunga kifungo cha koti. "Bei waliyonitajia, nilidhani yule bwana ananisomea namba ya simu."

"Ndiyo bei, mama."

"Kwa gari lile? Nikiliuza na mimi nikiwa ndani silipati."

"Ndiyo bei."

Bi Odessa alitazama juu, kwenye nyaya za umeme, kisha chini, kwenye viatu vyake. "Yule shemeji yako," alisema kwa sauti ndogo. "Wa mlimani. Ana uwanja mkubwa?" Papo hapo akajifunika mdomo kwa kiganja. "Mungu anisamehe! Nimesema nini mimi?"

Nunzio alikuwa na mengi ya kujibu. Alikuwa na haki ya kucheka mpaka alale chini. Lakini alikumbuka jikoni kwa huyu mama, na mtu ambaye hakucheka. Akakunja kitambaa.

"Mama, ulipokuja huku, ulisema umekuja kufanya nini?"

"Kulea uzazi."

"Mtoto ameshatembea?"

"Hata kukaa hajakaa vizuri. Anaanguka kama gunia."

"Basi uzazi haujaisha. Bado uko safarini. Mtu aliye safarini anatembea na namba za kwao, na bima yake ni ile aliyokuja nayo, hai, nimeiona kwa macho yangu. Siku utakayoniambia umehamia, nitakupeleka mwenyewe ofisini, na utalipa kama mimi, na utalia kama mimi. Umeniambia umehamia?"

Bi Odessa alifikiri. Alikuwa mtu wa kupima maneno. "Nimesema naona nitakaa."

"Kuona si kukaa."

"Si uongo?"

"Mimi sijui, mama. Mimi nimeacha kutoa hukumu, naendesha veni tu."

Akamwacha pale akipima, akaingia kutafuta maji. Alipotoka, Bi Odessa alikuwa ameshaondoka, na Mulhearn alikuwa ameegemea nguzo ya taa, bisi mkononi, amekubali hatimaye kuzungumza.

"Lile la Carolina bado lipo tu," alisema. "Toka Krismasi. Mimi nimesemwa mbele ya mtaa mzima, yeye haguswi. Balozi gani wewe? Huripoti?"

"Yule ni mgeni," alisema Nunzio.

"Mgeni! Mgeni wa nani miezi yote hiyo?"

Nunzio alimwaga maji kwenye kioo cha veni, akafuta, akasogea nyuma kutazama kama kimetakata.

"Wangu," alisema.